MWAKA MMOJA WA KUHESABU NDEGE

Kuna watu hapa duniani ambao mwaka ukianza, fikira zao zote huwa kwa ndege. Tarehe mosi Januari wanatoka alfajiri na mapema, darubini shingoni na daftari mfukoni, na hawapoi hadi usiku wa tarehe 31 Desemba. Shabaha yao ni moja tu: kuona aina nyingi za ndege kadiri wawezavyo ndani ya mwaka huo mmoja. Mwaka ukiisha, hesabu inafungwa. Ukianza mwingine, kila mtu anarudi sifuri, bingwa na mwanagenzi sawasawa.

Najua unatabasamu. Wenzangu wa kidato cha pili nao walitabasamu mwaka 2024 waliponiona nikisimama njiani na kukodolea macho kichaka. Wengine waliniita Bwana Ndege, na jina likashika. Sikuona vibaya. Katika makala haya nataka kukueleza mchezo huu ni nini, ulianzia wapi, unavyochezwa, na jambo moja ambalo umenifundisha kuhusu nyumbani kwetu Kinangop.

KANUNI ZA MCHEZO

Jambo la kwanza: tunahesabu aina. Hatuhesabu ndege mmoja mmoja. Ukiona yangeyange mia moja wakifuata ng'ombe malishoni, hiyo ni aina moja. Kesho ukiwaona mia mbili, bado ni moja.

Pili, ndege lazima awe hai na awe huru. Kuku wa nyanya hahesabiwi, wala kasuku wa kwenye kizimba, hata akikusalimu kwa jina lako.

Tatu, kumsikia kunatosha, mradi uwe na hakika na sauti yake. Kanuni hii inasaidia sana, maana bundi na ndege wengi wa msituni ni watu wa kujificha. Unaweza kumsikia mmoja mwaka mzima usimwone hata unyoya.

Nne, chagua mipaka yako kabla ya kuanza. Kuna wanaohesabu dunia nzima, kuna wa nchi moja, kuna wa kaunti, na kuna wa ua wa shule. Kila mmoja hushindana na walio katika mipaka kama yake, au hushindana na nafsi yake mwenyewe.

Kanuni ya tano ndiyo mama wa zote, nayo ni uaminifu. Mchezo huu hauna refa. Uko peke yako kwenye nyasi saa kumi na mbili asubuhi, ndege ameruka, na umemwona nusu tu. Umwandike usimwandike? Hakuna atakayekuuliza. Anayetia chumvi hapa anajidanganya mwenyewe, na njia ya mwongo ni fupi. Mimi yeyote niliyemtilia shaka nilimwacha aende zake.

WALIOTUTANGULIA

Mchezo huu ulivuma kwanza Marekani. Mwaka 1939 mfanyabiashara mmoja, Guy Emerson, alitumia safari zake za kikazi kuangalia ndege huko Amerika Kaskazini, akafikisha aina 497. Alikuwa akipanga safari za biashara zilingane na majira ya ndege. Huo nao ni ujanja!

Kisa kinachopendwa zaidi ni cha mwaka 1973. Kijana mmoja, Kenn Kaufman, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka ishirini, alizunguka Amerika Kaskazini akiomba lifti barabarani. Hakuwa na pesa. Alilala popote usiku ulipomkuta, na mara nyingine alikula chakula cha paka ili senti zisimwishie. Alipata zaidi ya aina 660, lakini mwenzake mmoja akampiku kwa ndege wachache tu. Kaufman hakupata taji, ila leo ni mwandishi mashuhuri wa vitabu vya ndege. Katika kitabu alichoandika kuhusu mwaka huo, anaeleza jinsi alivyotambua kwamba kuorodhesha ndege ni kitu kimoja na kumjua ndege ni kitu kingine.

Baadaye watu walianza kuizunguka dunia yote. Mwaka 2008 Waingereza wawili, Ruth Miller na Alan Davies, waliacha kazi, wakauza nyumba, wakasafiri mwaka mzima na kuona aina 4,341. Watu wakasema rekodi hiyo haivunjiki. Wahenga nao walisema hakuna refu lisilo na ncha. Mwaka 2015 Mmarekani Noah Strycker alianza tarehe mosi Januari katika barafu ya Antaktika, akapita nchi 41, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, na kufunga mwaka akiwa na aina 6,042. Mwaka uliofuata tu, 2016, Arjan Dwarshuis kutoka Uholanzi akampita kwa kufikisha zaidi ya 6,800.

Hebu fikiria. Duniani kuna aina za ndege elfu kumi na ushei. Mtu mmoja kuona zaidi ya nusu yake kwa miezi kumi na miwili si mchezo wa kitoto. Lakini kuna jambo ambalo ni rahisi kulipita bila kuliona. Strycker hakuwatambua ndege hao wote peke yake. Kila nchi aliyofika alitafuta wenyeji wanaoyajua mazingira yao: nani analala wapi, nani analia saa ngapi. Mgeni alikuwa na tiketi ya ndege, na mwenyeji alikuwa na ujuzi. Kumbuka neno hilo, tutalirudia.

UTAJIRI TULIOUKALIA

Nchi yetu ina aina za ndege zipatazo 1,100. Nchi nyingi kubwa kuliko yetu hazifikishi idadi hiyo. Mnamo Novemba 1986 Terry Stevenson, John Fanshawe na Andy Roberts waliona aina 342 hapa Kenya kwa siku moja tu, na ikawa rekodi ya dunia. Rekodi hiyo ilivunjwa miaka mingi baadaye huko Amerika Kusini.

Kwa nini sisi? Sababu ziko wazi kwa kila aliyesoma Jiografia. Kenya inaanza usawa wa bahari na kupanda hadi mita 5,199 kileleni mwa Mlima Kenya, na kila kimo kina ndege wake. Msitu wa Kakamega una ndege walio jamaa za wale wa misitu ya Kongo. Arabuko-Sokoke kule pwani kuna bundi mdogo ambaye wageni huvuka bahari kuja kumtafuta. Maziwa ya Bonde la Ufa yana heroe na mwari, na kaskazini kuna wa jangwani.

Isitoshe, tunapata wageni. Kuanzia Septemba na Oktoba, baridi inapoanza kuingia Ulaya na Asia, ndege kwa mamilioni hukimbilia huku kwetu na kurudi kwao Machi na Aprili. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969 wataalamu huwanasa wageni hawa kwa nyavu usiku wa ukungu, wakawavisha pete nyepesi mguuni na kuwaachilia. Pete hizo zimesaidia kujua wanakotoka na wanakokwenda.

Nairobi nako, tangu mwaka 1971, kuna matembezi ya kuangalia ndege kila Jumatano asubuhi, yaliyoanzishwa na Bi. Fleur Ng'weno. Wengi wanaoongoza watalii leo walijifunzia huko. Kwa hivyo asikuambie mtu kwamba hii ni kazi ya Wazungu. Mababu zetu walijua mvua inakaribia kwa kumsikiliza ndege. Sisi ndio tumeziba masikio.

MWAKA WANGU

Mimi sikuwa na nauli ya kwenda Antaktika. Mipaka yangu ilikuwa nyumbani, shuleni, na kilomita tatu ninazotembea baina ya hapo, maana shule yetu ni ya kutwa. Tunakaa uwanda wa Kinangop, kati ya milima ya Nyandarua na ukingo wa Bonde la Ufa. Ni kwenye baridi huku. Asubuhi nyingine nyasi huwa nyeupe kwa umande ulioganda.

Vifaa vilikuwa vitatu: daftari la kurasa 96, kalamu, na kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki cha Stevenson na Fanshawe kilichokuwa maktabani kikikusanya vumbi. Kina picha za aina zaidi ya 1,300. Darubini niliazimwa na mwalimu wa Bayolojia mwezi wa Juni. Kabla ya hapo nilitumia macho niliyopewa na Mungu.

Ndege wa kwanza alikuwa kwarara. Tarehe mosi Januari, kabla hata chai haijachemka, alipita juu ya mabati akipiga kelele zake za ha-ha-haa, nami nikamwandika bila kutoka kitandani. Januari ni mwezi mtamu, kwa sababu kila kitu ni kipya. Kunguru, njiwa, kwera, mwewe juu ya nguzo ya stima, chozi kwenye maua, korongo weupe waliotoka Ulaya wakiokota wadudu shambani, mbayuwayu wakikata hewa. Kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa na 41, nikaanza kuvimba kichwa.

Kumbe kazi bado. Hawa ni wale wanaojileta wenyewe. Baada ya hapo kila mpya ana bei yake. Februari nilipata sita, Machi wanne.

Nilijifunza namna ya kuangalia. Mtu akiona ndege hukimbilia rangi, na rangi hudanganya. Anza na ukubwa: ni kama shomoro, kama njiwa, au kama kuku? Tazama mdomo: mfupi na mnene ni wa kuvunja mbegu, mwembamba uliopinda ni wa kunyonya maua, wa ndoana ni wa kurarua nyama. Tazama anachofanya: anatembea au anaruka-ruka? Anatingisha mkia? Sikiliza. Halafu angalia mahali alipo, maana ndege wa majini hutamkuta juu ya mkaratusi. Rangi iwe ya mwisho. Andika yote papo hapo, kabla ya kufungua kitabu. Ukifungua kitabu kwanza, macho yataona kile ambacho moyo unakitaka.

Aprili ile ya 2024 mvua ilinyesha hata shule zikachelewa kufunguliwa hadi Mei 13. Wengine walilia, mimi nilishukuru kimoyomoyo. Bwawa la jirani lilijaa na bata wakaja. Nyasi zilipokua, nikawaona wale ndege weusi wenye mikia mirefu wakirukaruka wima juu ya nyasi kama mpira unaodunda, mara ishirini, mara thelathini, ili majike wawaone. Miezi mingine dume huyo ni kahawia, huwezi kumtofautisha na shomoro. Msimu wa ndoa ukifika ndipo anavaa suti.

Mwisho wa Juni nilikuwa na 70. Julai na Agosti ukungu ulitufunika na nilipata watatu tu. Oktoba wageni wa Ulaya wakarudi, lakini wengi nilikwisha kuwaandika Januari. Mwezi huo huo nikaona korongo wawili wenye taji la dhahabu kichwani, ndege yule aliye kwenye bendera ya Uganda. Nilifunga mwaka na aina 94. Haba na haba hujaza kibaba.

NDEGE ASIYE NA NAULI

Katika hao 94 kuna mmoja nitakayemweleza peke yake. Ni wa Agosti, nambari 72. Ana ukubwa wa shomoro aliyenenepa kidogo, mgongo wa michirizi ya kahawia kama nyasi kavu, na kifua cha manjano. Anatembea chini. Ukimsogelea anaruka kidogo, anatua na kutulia. Ukucha wake wa nyuma ni mrefu kupita kiasi, unamsaidia kutembea juu ya nyasi. Jina lake la kisayansi ni Macronyx sharpei, na neno hilo la kwanza maana yake ni ukucha mkubwa. Katika kamusi za shule yetu hatukumpata, kwa hivyo sisi wa Chama cha Kiswahili tumemwita kucharefu.

Kucharefu huyu hapatikani nchi nyingine yoyote duniani. Ni Kenya peke yake, na ndani ya Kenya ni nyanda za juu zenye nyasi, hasa Kinangop yetu hii. Wataalamu wamemweka katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Hapendi mahindi, hapendi mikaratusi, hapendi viazi. Anataka nyasi fupi zenye mashungi mashungi, ajenge kiota chini ya shungi. Ukilima, anaondoka. Na ukishalima kila mahali, hana pa kuondokea.

Nilimwona wapi? Katika shamba letu. Upande wa chini kuna kipande ambacho hakijawahi kulimwa, wanalisha kondoo. Nyanya anasema alipoletwa hapa na wazazi wake katika mpango wa makazi wa miaka ya sitini, nyasi zilikuwa hivyo kuanzia barabarani hadi kwenye ukingo wa bonde, na ndege huyu wa manjano walimkuta kila mahali. Hakuna aliyemshangaa. Leo nimetembea mwaka mzima na nimempata pahali pawili tu.

Jioni hiyo nikamweleza baba. Nilieleza kwa furaha, nikamwonyesha na picha. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, huyo ndege atakulipia karo?"

Sikuwa na jibu la haraka. Baba alikuwa amepanga kulima kipande hicho apande viazi, na karo ninayolipiwa ni mimi na ndugu zangu wawili. Si mtu mbaya. Anayelima ana watoto, na gunia la viazi linauzwa, ilhali shungi la nyasi hakuna wa kulinunua. Ni rahisi kwa aliye mbali kusema ndege alindwe. Ndege analindwa kwa shamba la nani?

Nyanya ndiye aliyeingilia. "Na hao kondoo watakula viazi?" akauliza. Baba akacheka. Wakapiga hesabu ya kondoo, manyoya, samadi, na bei ya mbegu na dawa ya viazi. Nikawaambia pia kwamba shirika la Nature Kenya limenunua vipande vya ardhi huku kwetu Kinangop ili nyasi zibaki. Mwishowe baba akasema, "Msimu huu tuwaachie kondoo. Mwakani tutaona."

Mwakani tutaona! Hakuahidi zaidi ya hapo, nami siwezi kukuongezea. Maisha ya kucharefu wa kwetu yanapimwa kwa misimu.

FAIDA YA HESABU

Sasa turudi kwa yule mgeni na mwenyeji. Mwenye rekodi ya dunia anaweza kupanda ndege ya chuma akashuka Nairobi, akaletwa Kinangop, akamwona kucharefu kwa dakika tano na kumwandika. Kwake ni nambari moja kati ya elfu sita. Lakini nambari hiyo imewekwa hapo na mtu asiyejua habari za rekodi, aliyeamua kutoigeuza nyasi kuwa viazi. Kila hesabu kubwa inakaa juu ya maamuzi madogo kama hayo ya watu wengi.

Ndiyo sababu naona hesabu ya nyumbani ina maana kuliko inavyoonekana. 94 si sifa yangu mimi. Ni habari ya pahali. Mtu akihesabu njia hii hii mwaka 2034 akapata 94, ajue Kinangop imetunzwa. Akipata 60, aulize waliobaki walikwenda wapi. Bila daftari la leo, hatakuwa na la kulinganisha. Vitu vingi hupotea bila kilio kwa sababu hakuna aliyeandika kwamba vilikuwepo.

Ewe mwenzangu, unaweza kuanza kesho, usingoje Januari. Chukua ua wa shule. Kaa chini ya mti mmoja dakika ishirini bila kusema. Andika tarehe, saa, mahali, na kila aina unayoiona. Usirushe jiwe, usiguse kiota, usiite bundi uchuro. Waulize wazee majina, kwa lugha ya mama na kwa Kiswahili, uyaandike kando ya picha, maana jina likisahauliwa ndege mwenyewe yu mbioni kusahauliwa. Na usiyemjua, andika "sijamjua". Hilo nalo ni jibu.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nasema siku hizi tunahitaji kuambiwa. Tupeleke orodha zetu pamoja kwenye chama hiki mwisho wa mwaka, tuone ua wetu una ndege wangapi. Daftari langu liko wazi kwa yeyote anayetaka kuanzia hapo nilipofika.